Darasa la Mtu Mmoja

Muhula mmoja wa mwaka wangu wa tatu chuoni nilisoma somo fulani nikiwa mwanafunzi peke yangu. Sikuwa nimewashinda wenzangu kwa lolote. Waliondoka tu, huyu leo, yule kesho, na mimi nikabaki nimekaa.

Somo lilikuwa fasihi ya Kiingereza na utamaduni wa watu walioiandika. Tulilichagua tukiwa saba. Chuo chetu kiko nje kidogo ya mji wa Nakuru, kimezungukwa na mashamba ya ngano, na madarasa ya idara yetu yako upande usiopata jua asubuhi. Ukiingia unakaa na koti. Mhadhiri wetu alikuwa mzee mrefu, mtu wa maneno machache, aliyebakisha miezi tu astaafu. Tulimwita Daktari, ingawa udaktari wake ulikuwa wa vitabu. Wazazi wake walitoka magharibi ya nchi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kuwa babake alikuwa fundi wa injini. Akiwa kijana alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Akarudi, akaanza kufundisha, hakuondoka tena.

Wiki ya kwanza hakutupa kitabu chochote. Alitupa orodha ya mambo ya kujua kwanza: nyumba ya mtu tajiri ilikuwa na vyumba gani na kila kimoja kilikuwa cha nani, kanisani nani alikaa mbele na nani nyuma, mwanamke aliyefiwa na mume alivaa nguo nyeusi kwa muda gani kabla ya kuruhusiwa kuvaa za kijivu, na mtu akikutembelea ulipaswa kumrudishia ziara baada ya siku ngapi.

Nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Hii ni fasihi ama ni historia?"

Siku ile ile wawili walienda kubadilisha somo. Wiki iliyofuata wakaenda watatu. Walisema mambo ya vikombe vya chai na mapazia hayatawapa kazi. Tukabaki mimi na rafiki yangu.

Huyu rafiki tulikuwa tumekaa dawati moja tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa msichana wa mjini, amesoma shule nzuri, Kiingereza chake kinateleza. Mimi nimetoka Dundori, juu kule kwenye baridi na viazi, na ulimi wangu huchanganya l na r, zile herufi mbili ambazo kila Mkenya anazijua. Mwaka wa kwanza nilisoma shairi kwa sauti mbele ya darasa la watu mia moja, nikafika kwenye neno moja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo rafiki yangu ndiye aliyekuwa akisoma. Mhadhiri akininyooshea kidole, yeye anasimama, anasema koo langu linauma. Maswali yangu pia yeye ndiye aliyeyauliza, mimi namwandikia kwenye karatasi na kuisukuma upande wake.

Wiki ya nne aliniambia tukiwa kwenye foleni ya chakula.

"Nimehamia somo la mawasiliano," alisema. "Usinikasirikie."

"Lini?"

"Jana. Nilitaka kukuambia Ijumaa, nikashindwa."

"Sawa," nikasema.

"Uko sawa kweli? Si na wewe uhame? Bado wanachukua watu."

"Nitafikiria."

Tulikula maharagwe na chapati tukiongea mambo mengine, tukacheka hata. Nilipofika chumbani niligundua kwamba sikumbuki hata neno moja la yale tuliyoongea.

Jumanne saa nne nilienda darasani. Sijui kwa nini nilienda. Nadhani nilitaka tu Daktari aseme somo limefutwa, nitoke nikiwa sina lawama. Niliketi safu ya tatu, mahali petu pa siku zote. Daktari aliingia, akatazama viti, akaweka mkoba mezani.

"Mwenyekiti wa idara ananiambia darasa la mtu mmoja halifai," alisema. "Nimemwambia sheria inasema somo lisianze na mtu mmoja. Haisemi lisiishe na mtu mmoja. Unataka kuendelea?"

Ningesema hapana, ningekuwa nimemfuata rafiki yangu nyuma nyuma kama ndama. Ni hilo tu. Wala si mapenzi ya vitabu.

"Nataka," nikasema.

Basi akatoa rejista, akaita jina langu. Nikaitika. Akaifunga, akasimama mbele ya ubao na kufundisha kwa saa mbili, akitupa macho kushoto, kulia na nyuma kabisa, kana kwamba viti vyote vina watu. Nilitaka kucheka, kisha nikataka kulia, kisha nikaona afadhali niandike.

Wiki iliyofuata aliacha kusimama. Alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa dawati, akanifungulia kitabu. Kilikuwa riwaya nene, fotokopi ya fotokopi, kurasa nyingine zimefifia hadi unakisia maneno. Ilihusu mjane mmoja katika mji mdogo wa Uingereza ya zamani, na jinsi majirani walivyomtazama mwaka hadi mwaka.

"Soma," akasema.

"Mimi?"

"Kuna mtu mwingine?"

Nikaanza kusoma kwa sauti ya chini sana. Nilipofika kwenye neno lenye zile herufi zangu nikasimama. Nililiona likinisubiri pale kwenye mstari. Daktari akasema, "Soma polepole. Hapa hakuna wa kucheka."

Ilikuwa kweli, hapakuwa na mtu wa kucheka. Nikalisoma neno, likatoka vibaya, nikaendelea. Nilipata nafuu ambayo sikuwa nimeionja tangu nifike chuoni. Lakini nikitazama nyuma naona pia kwamba nilifungua mdomo wangu siku ambayo hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa mzee mmoja.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kaptembwo wakati huo, kwenye ploti yenye vyumba kumi na viwili na bomba moja. Kaptembwo haina ukimya. Asubuhi kuna mitungi na ndara na watoto wa shule, jioni kuna redio tano zinazogombana. Majirani walikuwa watu wema, wengi wakifanya vibarua viwandani au kutembeza bidhaa mjini. Waliniita Tichaa kwa sababu ya vitabu. Wakiniona naanika nguo wananisalimia, "Tichaa, masomo je?" nami najibu, "Yako poa," na mazungumzo yanaishia hapo. Ningewaambia nini? Kwamba nimeshinda mchana kutwa nikijiuliza kwa nini mwanamke fulani wa miaka ile hakupeleka barua kwa jirani? Nilikuwa na mambo mengi kichwani na hakuna hata mmoja wa kumwambia. Nikiingia wasap naona picha za rafiki yangu na darasa lake jipya, watu thelathini wameshikana mabega mbele ya kamera. Naziangalia zote. Kisha nazima data.

Tulikutana naye mara moja tu karibu na maktaba.

"Niaje! Bado uko na yule mzee?"

"Bado niko."

"Wawili tu? Aki wewe ni mgumu. Mnaongea nini?"

"Vitabu."

Akacheka, akanikumbatia, akakimbilia wenzake. Hakuwa na ubaya. Nilisimama pale nikijaribu kufikiria jibu refu zaidi ambalo ningempa.

Mwezi wa Julai Daktari alinipa insha yangu ya kwanza. Ilinitaka nieleze ziara isiyorudishwa. Katika ile riwaya, mama mmoja wa heshima anamtembelea mjane, anakaa robo saa, anaondoka. Mjane hajui, au anasahau, kwamba ni lazima naye aende kwa yule mama kabla wiki haijaisha. Haendi. Hakuna anayemgombeza. Ila kuanzia hapo milango ya mji mzima inafungwa polepole, na yeye hajui ni kwa nini.

Niliandika insha hiyo kwa furaha. Niliandika kuhusu wanawake wa Dundori, jinsi mtu akijifungua wanavyokwenda na uji na kuni, na jinsi asiyeenda kwa mwenzake anavyojikuta siku yake ikifika amekaa peke yake na mtoto. Nikasema mambo ni yale yale. Watu ni watu. Nilijiona nimefika.

Alinirudishia na alama chini ya nusu. Chini aliandika kwa wino wa buluu: Hii ni Dundori. Mimi niliuliza kule.

Nilishikwa na hasira ambayo sikujua ninayo. "Daktari, si tumefundishwa tusome kwa macho yetu wenyewe?"

"Kwa macho yako, ndiyo. Lakini utazame kitu kilicho mbele yako. Wewe umetazama nyumbani."

"Ndiko ninakokujua."

"Najua," akasema. "Andika tena."

Nilienda moja kwa moja ofisi ya idara nikachukua fomu ya kubadilisha somo. Niliijaza yote, nikabakisha sahihi. Nikaiweka kwenye mkoba. Ijumaa nikaenda nyumbani.

Mama yangu ni mjane. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo mama anaishi na ng'ombe wawili na shamba la viazi. Mimi ni mtoto wake wa mwisho. Wengine walishaolewa au wameenda kutafuta kazi. Wikendi ile viazi vilikuwa vimechimbwa, vimemwagwa ghalani, tukaketi juu ya magunia kuvichagua, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyokatwa na jembe pembeni vya kupikia. Nje ukungu umekaa juu ya shamba kama unavyokaa Julai nzima.

"Hicho Kizungu unachosoma," mama alisema, "si ulikuwa unakijua tangu darasa la nane?"

"Si Kizungu chenyewe, mama. Ni hadithi zao. Na vile walivyokuwa wakiishi."

"Haya, niambie moja."

Sikuwa nimetegemea hilo. Nikamsimulia riwaya ya mjane. Nilimsimulia kwa Kikuyu, na ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa kulikuwa na vitu visivyo na majina. Sebule ya wageni ambayo watu wa nyumba wenyewe hawaketi nilimweleza kwa maneno kumi. Nikamwambia jinsi mjane alivyovaa nguo nyeusi, na kwamba katika miezi ile ya mwanzo majirani walifika mlangoni, wakamwachia mtumishi kikaratasi chenye jina lao, wakageuka kurudi kwao.

Mama akaacha kuchagua viazi. "Wanafika mlangoni na hawaingii?"

"Hawaingii. Ni heshima. Wanamwachia nafasi ya kuomboleza."

"Na anajuaje kwamba walikuja?"

"Kwa vile vikaratasi."

"Kwa hivyo amekaa ndani peke yake, anasoma vikaratasi." Alitikisa kichwa. "Hiyo sijawahi kusikia. Na kuna mtu alimuuliza kama amekula?"

Nikafikiria kurasa zote nilizokuwa nimesoma. "Hakuna," nikasema.

Aliokota kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba, akakitupa kwenye vikubwa. Kisha akasema, kama mtu anayeongea juu ya hali ya hewa, "Baba yako alipozikwa, watu walikaa hapa siku tisa. Hata mahali pa kulala nilikosa, nililala na shangazi zako sakafuni. Siku ya kumi niliamka, nikawasha moto, nikapika chai ya watu wengi kwa ile sufuria kubwa. Nilikuwa nimezoea. Nikangoja. Hakuja mtu. Niliipasha moto chai ile siku mbili nikiinywa mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimerudishwa shule ya bweni siku ya nne. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa na mitihani. Kwa miaka yote iliyofuata sikuwa nimewahi kumuuliza ilikuwaje baada ya mimi kuondoka.

"Hukuniambia," nikasema.

"Ungefanya nini, binti yangu? Ungeacha shule uje unywe chai?" Akacheka, nami nikacheka, kisha tukaendelea na viazi hadi magunia matatu yakajaa.

Asubuhi, nilipokuwa nafunga mkoba, aliuliza, "Na huyo mama akavua nguo nyeusi lini?"

"Sijafika hapo."

"Ukifika unipigie."

Nilirudi Kaptembwo nikiwa na debe la viazi na kichwa kizito. Kitu kimoja hakikuniachilia. Nilikuwa nimeandika kwamba mambo ni yale yale, kule na kwetu. Lakini mama, ambaye hajasoma riwaya hata moja, alikuwa ameona mara moja kwamba si yale yale. Yeye alibaki peke yake baada ya watu wengi kuondoka. Yule mjane wa kitabuni alikuwa peke yake tangu siku ya kwanza, na walikuwa wakimheshimu.

Jumanne hiyo mvua ilinyesha na stima zikapotea. Darasani hapakuonekana kitu, kwa hivyo Daktari aliniambia tusomee ofisini kwake, kwenye dirisha. Ilikuwa ofisi ndogo, vitabu vimepangwa hadi kwenye sakafu, na harufu ya karatasi kuukuu. Alinimiminia chai kutoka kwenye thamosi yake, akajimiminia kwenye kifuniko. Fomu yangu ilikuwa bado kwenye mkoba. Nilikuwa nimeshaamua nitamwambia siku hiyo, na kwa kutafuta pa kuanzia nikauliza swali nililodhani ni la adabu tu.

"Daktari, ulipokuwa kule uliingia nyumba kama hizi?"

Aliangalia mvua.

"Nilikaa kule miaka minne," alisema. "Niliingia nyumba ya mtu mara moja."

Nikangoja.

"Kulikuwa na mume na mke waliokuwa wakija kanisa nililokwenda. Watu wazima. Wakanialika chakula cha mchana Jumapili moja. Nilivaa suti yangu, ilikuwa moja tu. Nilikula vizuri, walikuwa wakarimu, yule mzee akanionyesha picha za mtoto wake. Nikawaambia asante, nikarudi chumbani kwangu. Kisha nikangoja waniite tena. Kwetu mtu akikupenda anakuita tena, ama unaenda tu. Lakini kwenda tu nilijua kule haifai, hilo nilikuwa nimeambiwa. Nikangoja. Jumapili iliyofuata walinisalimia, lakini salamu ilikuwa fupi. Ile ya tatu, fupi zaidi. Mwishowe wakawa wananipungia mkono kutoka mbali. Nilidhani ni rangi yangu. Nilidhani nimekula vibaya. Nilikaa nikikumbuka kila kijiko nilichoshika."

Alikunywa chai yake.

"Nilipaswa kuwaandikia barua ya shukrani wiki ile ile, na baadaye nami niwaalike, hata kama ni kikombe cha chai chumbani kwangu. Sikujua. Walidhani sikuwapenda. Unajua nilijulia wapi? Hapa. Kwenye kiti hiki, miaka kumi baada ya kurudi, nikitayarisha somo kutoka kwa kitabu kimoja. Nilisoma ule ukurasa, nikafunga mlango."

Nje mtu alipita akikimbia na gunia kichwani.

"Labda pia ilikuwa rangi," nikasema.

"Labda. Kulikuwa na mengi ya hiyo. Lakini sitajua kamwe, kwa sababu sikufanya lile lililokuwa juu yangu. Kila mtu niliyemwona kule nilimtafutia mfano wake nyumbani. Huyu ni kama mjomba, huyu ni kama padri wetu. Nikaishi miaka minne nikiwaangalia watu wa nyumbani." Akavuta kitabu. "Basi. Tuko ukurasa gani?"

Nikamwambia. Nikasoma. Jioni nilipofika chumbani nilitoa ile fomu, nikaichana, nikawashia jiko.

Niliandika insha tena. Sikuitaja Dundori hata mara moja. Nilijaribu kuketi ndani ya ile nyumba na yule mjane, nikisikiliza hatua za miguu zikifika mlangoni na kurudi, na kujiuliza yeye, si mama yangu, alisikia nini. Ilinichukua wiki mbili. Alinipa alama nzuri na hakuandika neno chini yake.

Mjane alivua nguo nyeusi katika sura ya mwisho kabisa. Alivaa gauni la kijivu, akaenda kanisani, na mji mzima ukaona. Nilimpigia mama siku hiyo hiyo.

"Kijivu?" akasema. "Baada ya kungoja kote huko? Mimi ningevaa nyekundu."

Mwezi wa Agosti ukaja mtihani. Karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani ilionyesha somo langu limepewa ukumbi mkubwa, pengine kwa sababu aliyepanga hakuangalia idadi. Niliingia saa tatu asubuhi. Ukumbi ule hukaa watu mia tatu. Meza zote zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya mtihani wa mchana, na moja tu, katikati, ilikuwa na karatasi. Kulikuwa na wasimamizi wawili, mwanamume na mwanamke, sikuwafahamu. Yule mwanamke alisimama mbele, akasoma masharti yote kwa sauti kubwa, jinsi inavyotakiwa.

"Watahiniwa wote wanaombwa kuzima simu. Watahiniwa hawaruhusiwi kuongea na wenzao."

Aliponyanyua macho tulitazamana. Nilidhani atacheka, lakini uso wake ukawa wa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Niliandika kwa saa tatu. Kalamu yangu ilisikika ukumbi mzima. Niligeuza ukurasa na mlio wake ukarudi kutoka ukutani. Msimamizi mmoja akisimama kupiga raundi, ananizunguka mimi tu, kwa hivyo baada ya muda waliacha, wakakaa wakiangalia simu zao.

Nilitoka nje saa sita. Jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Watu wa mtihani wa mchana walikuwa wamejaa kwenye ngazi, wanaulizana maswali, wanapigana mabega. Ndipo nilipohisi kitu ambacho sikuwa nimekitarajia. Ukitoka mtihani, jambo la kwanza ni kumgeukia mtu na kumuuliza, wewe namba mbili umejibu nini? Niligeuka kabisa, mwili wote, kabla sijakumbuka. Hakukuwa na mtu duniani aliyekuwa amefanya mtihani ule isipokuwa mimi. Nilikaa kwenye nyasi na kulia, si sana, kwa dakika tano hivi. Nilikuwa nimejizuia muhula mzima.

Daktari alikuja akitembea polepole kutoka upande wa ofisi. Nilijipangusa. Alisimama, hakuketi, magoti yake yalikuwa mabaya.

"Namba mbili ulijibu nini?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia sentensi ya kwanza, naye akasikiliza akiitikia kwa kichwa, mara moja akisema, "Hapo ningebisha," mara nyingine akisema, "Endelea." Ilikuwa kama nusu saa. Yeye ndiye aliyetunga swali, alijua majibu yote, na bado alinisikiliza kama mtu aliyetoka naye ukumbini. Kisha akasema ana kikao, akanipa mkono, akaenda.

Alistaafu Desemba. Hakukuwa na sherehe kubwa, keki tu na hotuba mbili, nilihudhuria nikasimama nyuma. Alihamia magharibi, kwenye shamba aliloachiwa na babake, mahali ambapo hakuwahi kuishi hata siku moja. Nilimpigia simu Pasaka.

"Watu wa huku ni wazuri," aliniambia. "Ila hawanijui, na lugha yangu wanasema ni ya mjini." Akauliza ninasoma nini. Nikamwambia. Tuliongea kidogo, kukawa na kimya kirefu, nikadhani laini imekatika, kumbe alikuwa bado yuko. Tangu hapo tunaongea mara mbili tatu kwa mwaka. Kila mara anakaa kimya hivyo kabla ya kuaga, na nimejifunza kungoja.

Mimi nilifuzu. Mama alikuja na leso mpya, tukapigwa picha. Sasa ninafundisha Kiingereza katika shule ya kutwa kule Bahati. Nina wanafunzi hamsini na nane kwenye darasa moja, na sauti yangu hukauka kabla ya saa sita. Wanacheka nikikosea zile herufi zangu, nami nacheka nao, ingawa si siku zote. Jioni ninarudi chumbani, napika, nasoma kurasa chache. Bado sijapata mtu wa kuongea naye kuhusu hizo kurasa. Nimeacha kulichukulia kama jambo litakalokwisha wiki ijayo.

Mwaka jana nilihitaji nakala ya matokeo yangu kwa ajili ya kazi, nikaenda chuoni. Karani wa idara, msichana mdogo aliyeajiriwa hivi karibuni, alitafuta kwenye kompyuta kwa muda mrefu.

"Masomo yako yote nimeyaona," akasema, "ila hili moja halitokei. Una uhakika ulilisoma? Halipo tena kwenye orodha."

"Nililisoma."

"Kuna mwenzako wa darasa tunayeweza kuangalia kwa jina lake?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa peke yangu."

Aliniangalia kidogo, akainuka, akaenda kwenye kabati la faili la nyuma. Alirudi na karatasi ya alama yenye jina moja na sahihi ya wino wa buluu. Akachapisha matokeo yangu, na katika nafasi iliyobaki wazi akaandika jina la somo kwa kalamu, taratibu, kwa herufi kubwa, kisha akagonga muhuri juu yake.